Barua za Wasomaji: Je, Jiografia Italisha Nyumba?

Matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yakitoka, barua zinaongezeka, na safari hii nyingi zimehusu jiografia: wazazi wanaotaka kujua kama ina mkate, wanafunzi waliokwama na ramani zao, mwalimu mmoja, na baba mmoja mwenye ugomvi wa parsele, yaani kiwanja. Tumewajibu tulioweza.

Mtoto wangu wa pili amepata Exetat na anasema atasoma jiografia. Sisi nyumbani tulikuwa tumemwandalia sheria. Jiografia niliyoisoma mimi ilikuwa kukariri mito na miji mikuu. Kuna kazi gani ndani yake? Asije akamaliza miaka mitano halafu arudi kuuza makaa pamoja nami sokoni.
*Mama wa Majengo, Goma*

Mama, hofu yako ni ya haki, na hatutakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kukariri mito siyo jiografia, kama vile kujua majina ya sufuria siyo kupika. Jiografia ya chuo inauliza kwa nini kitu kiko hapa na si pale, na kwa kuwa kiko hapa kinabadilisha nini kwa wanaoishi jirani nacho.

Tazama mji wetu wenyewe. Goma inapata mvua nyingi na imekaa ukingoni mwa ziwa, lakini ndani ya mji hakuna mto. Sababu tunaikanyaga kila siku: mawe ya lava yamejaa matundu na nyufa, maji ya mvua yanazama kabla hayajapata njia ya kutiririka. Kwa hiyo bomba likikauka, watu wanashuka ziwani na bidoni za manjano, na maji hayo yasipotiwa klori yanaweza kuleta kipindupindu. Mwanajiografia anaweka mawe, mabomba, bei ya bidoni na wagonjwa wa kituo cha afya kwenye ramani moja, kisha anaonyesha avenyu ambayo inahitaji bomba kabla ya nyingine. Mwaka 1854 daktari John Snow alifanya jambo la namna hiyo mjini London: aliweka vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya mitaa, akaona vimejikusanya kuzunguka pampu moja ya Broad Street. Njia hiyo bado inatumika.

Kuhusu miaka: katika mfumo wa sasa wa LMD (lisansi, masta, doktora), lisansi ni miaka 3 (krediti 180) na masta ni miaka 2 (krediti 120). Zamani mtu alifanya gradua miaka 3, halafu lisansi miaka 2. Maana yake ni kwamba lisansi ya zamani ilikuwa ya miaka 5 na ya leo ni ya miaka 3, ingawa jina ni lile lile. Waajiri huchanganya. Mtoto wako aandike kwenye CV yake idadi ya miaka na krediti, si jina la diploma tu.

Kuna milango miwili mikubwa. ISP, chuo cha juu cha ualimu, inatayarisha walimu, kwa hiyo sehemu ya muda inakwenda kwenye ufundishaji na staji ya darasani. Chuo kikuu kinaelekea zaidi kwenye utafiti, mazingira na mipango ya ardhi. Mwenye roho ya kufundisha asidharau ISP. Ila popote atakapokwenda, kabla hamjalipa minerivali, ombeni orodha ya kozi muisome pamoja. Tafuteni takwimu, uchoraji wa ramani, mifumo ya taarifa za kijiografia (wenyewe wanaiita SIG), usomaji wa picha za setilaiti, na kazi za uwanjani. Chuo ambacho katika miaka 3 hakimtoi mwanafunzi nje ya darasa hata mara moja kinafundisha historia ya jiografia. Tungekushauri utafute kingine.

Na kazi? Ualimu ndio unaochukua wengi. Baada yake kuna mashirika ya misaada yanayohitaji watu wa ramani na data, ofisi za mipango miji, tafiti za athari za mazingira kabla ya barabara au kiwanda kujengwa, hifadhi kama Virunga, na upande wa Lubumbashi makampuni ya madini. Ukweli wa uchungu ni kwamba mikataba ya mashirika mara nyingi ni ya miezi, si ya miaka, na nafasi zinapungua ufadhili ukipungua. Ndiyo maana tunasisitiza hesabu na kompyuta. Mtu anayejua kusafisha jedwali lenye mistari elfu tano anapata kazi hata mahali ambapo neno jiografia halikuandikwa kwenye tangazo. Mwambie mtoto kwamba kufikia mwisho wa mwaka wa pili awe na ramani tatu alizotengeneza mwenyewe, zenye data aliyoikusanya mwenyewe, za kumwonyesha mwajiri. Ramani hizo zitamsemea kuliko alama za darasani.

Sheria nayo ni njia nzuri, Mama. Lakini mtoto anayesoma asichokipenda hulipiwa mwaka mmoja mara mbili.

Nimepima kwa simu mahali palipo na mabomba ya umma, alama 64 kwa jumla. Nikiziingiza kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, nyingine zinaangukia jangwani, nyingine porini, nyingine hazionekani kabisa. Nimerudia mara tatu. Kosa liko wapi?
*Mwanafunzi wa lisansi ya pili, Himbi*

Ndugu, usifute kitu. Mahali alama zilipoangukia ndipo penye jibu.

Goma iko karibu latitudo 1.67 kusini na longitudo 29.22 mashariki. Kwenye jedwali, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -1.67. Ukisahau kile kistari kidogo, alama inaruka ikweta na kutua kwenye msitu wa Ituri, upande wa Mambasa, kilomita zipatazo 370 kutoka uliposimama. Hilo ndilo pori lako. Ukigeuza safu, latitudo ikakaa mahali pa longitudo, unatua Sahara ya Algeria, na hilo ndilo jangwa lako. QGIS inataka X iwe longitudo na Y iwe latitudo, lakini simu nyingi zinataja latitudo kwanza. Mtu akinakili kwa mfuatano wa simu, anageuza bila kujua. Ukiona alama zimerundikana baharini kusini mwa Ghana, ujue hizo ni sifuri kwa sifuri, yaani simu ilihifadhi kabla haijapata setilaiti.

Zile zisizoonekana, shuku mkato. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa inaandika 29,22, na faili ya CSV inaweza kutumia mkato huo huo kutenganisha safu. Basi 29,22 inakatwa vipande viwili, 29 na 22, na safu zote zinazofuata zinasogea. Hifadhi faili kwa nukta-mkato kama kitenganishi, kisha kwenye dirisha la kuingiza data weka tiki pale panaposema kwamba alama ya desimali ni mkato. Kama huna tiki hiyo, badilisha mikato yote ya namba kuwa nukta kabla ya kuingiza.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani kwa jicho, nalo ndilo linalotutisha zaidi. Mtu anasoma 1°40′ kwenye chombo na kuandika 1.40. Dakika ni sehemu ya 60, si ya 100: 1°40′ ni 1 + 40/60, yaani 1.667. Tofauti ya 1.40 na 1.667 ni karibu kilomita 30. Alama inabaki Kivu ya Kaskazini, inaonekana ya kawaida kabisa, na bomba la Goma linachorwa njiani kuelekea Rutshuru. Ili kukagua haraka: digrii moja ni karibu kilomita 111, dakika moja karibu kilomita 1.85, sekunde moja karibu mita 31. Na kama kwenye safu yako yote ya latitudo hakuna namba hata moja ambayo tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta zinazidi 59, shuku kwamba hizo ni dakika.

Sasa kuhusu makadirio ya ramani, yaani namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa. Digrii hazipimi umbali kwa mita, kwa hiyo ukitaka kupima unahitaji UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kuhesabu kwa mita. Goma na Bukavu ziko katika ukanda wa 35 kusini, namba yake EPSG:32735. Huko Goma inasomeka karibu 747,000 kwa mashariki na 9,815,000 kwa kaskazini. Ile milioni 9 inatokana na kwamba nusu ya kusini ya dunia inaanza kuhesabu na 10,000,000 kwenye ikweta na kupungua kwenda kusini, ili namba zisiwe hasi. Ukichagua ukanda wa 35 kaskazini kwa bahati mbaya (32635), namba zile zile zinakupeleka karibu na Ncha ya Kaskazini. Na angalieni: mkoa wetu unakatwa na ikweta. Butembo iko kaskazini kidogo ya ikweta. Anayeunganisha data ya Goma na ya Butembo kwa UTM bila kuangalia anaharibu upande mmoja. Kwa data ya mkoa mzima, hifadhi kwa digrii (EPSG:4326) na ubadilishe kuwa UTM unapopima tu.

Hapo hapo kuna mtego wa QGIS unaowakamata hata wazoefu. Kulitangazia tabaka makadirio na kulibadilisha makadirio ni vitendo viwili tofauti. Ukibonyeza tabaka na kuliwekea 32735 wakati namba zake ni digrii, hujabadilisha kitu. Umemdanganya tu QGIS kwamba 29.22 ni mita, na alama zote zinasongamana kwenye nukta moja mbali na hapa. Ili kubadilisha kweli, hifadhi tabaka upya kama faili mpya na uchague makadirio mapya pale unapohifadhi.

Safari ijayo, anza asubuhi kwa kuchukua alama kwenye sanamu ya Chukudu, na jioni urudi uichukue tena. Sanamu inaonekana kwenye picha ya setilaiti. Alama mbili zikikaa juu yake, zilizo katikati zinaaminika. Subiri simu ionyeshe usahihi wa mita 5 au chini kabla ya kuhifadhi, na usisimame ukutani: mabati na kuta hurudisha mawimbi na kukusogeza.

Jambo la mwisho halihusu kompyuta. Mtu anayesimama barabarani, anatazama simu na kuandika kwenye daftari, hapa kwetu anaweza kudhaniwa mpelelezi. Pita kwanza kwa shefu wa kartie na shefu wa avenyu, ubebe barua ya chuo yenye muhuri, nenda na mwenyeji, na usichukue alama karibu na kambi za askari, uwanja wa ndege au mpaka, hata kama bomba liko pale. Bomba moja likikosekana kwenye ramani, liandike kwenye ripoti kwamba limekosekana.

Kwenye staji nimeambiwa nichore ramani ya wakimbizi kwa kila teritware (sehemu ya mkoa). Nimepaka rangi kufuata idadi, mkubwa wangu amenirudishia mara mbili bila kueleza.
*Mwanastaji, Katindo*

Yaelekea umepaka idadi kamili kwenye eneo zima. Walikale inazidi kilomita za mraba 23,000. Teritware ya Nyiragongo haifiki 200. Rangi nyekundu juu ya Walikale inajaza nusu ya ukurasa, Nyiragongo haionekani hata ikibeba watu wengi kuliko wote. Jicho linapima eneo, si namba. Idadi kamili ionyeshwe kwa miduara inayokua. Rangi ya eneo iwekwe kwa uwiano tu: watu kwa kilomita ya mraba, au wakimbizi kwa kila wenyeji 100.

Ukichagua uwiano, utahitaji idadi ya wenyeji, na nchi yetu haijafanya sensa kamili tangu 1984. Kila namba ya watu unayopewa ni makadirio. Andika chini ya ramani nani aliyekadiria na mwaka gani, na usichanganye makadirio ya vyanzo viwili kwenye mgawanyo mmoja. Vilevile usilinganishe zoni za afya na teritware au komini kana kwamba ni kitu kimoja. Jina linaweza kufanana na mipaka isifanane.

Na majina! Kwa binadamu Kyeshero na Keshero ni kartie moja. Kwa kompyuta ni mbili, na moja itabaki tupu kwenye ramani bila onyo lolote. Unganisha majedwali kwa kodi, yaani namba za utambulisho. Kama kodi hazipo, tengeneza zako kabla ya kuanza.

Jirani amesogeza ukuta. Mtoto wa ndugu yangu ana programu ya GPS kwenye simu, anasema anaweza kupima parsele yangu ya mita 15 kwa 20 na kunipa ushahidi. Nimkubalie?
*Baba wa Ndosho*

Baba, usimkubalie. Simu nzuri, mahali pa wazi, inakosea mita 3 hadi 5; kati ya kuta na miparachichi inakosea zaidi. Parsele yako ni mita za mraba 300. Upande wa mita 15 ukipotoka mita 4, unapata 220 au 380. Jirani akileta simu yake, atapata namba nyingine, nanyi mtakuwa na magomvi mawili badala ya moja.

Kinachohesabika ni hati na mawe ya mipaka. Chini ya sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Serikali na mwananchi anapewa haki ya kuitumia; cheti cha kuandikishwa ndicho kinachothibitisha haki hiyo. Anayepima kwa nguvu ya sheria ni mpima wa kadasta (ofisi ya serikali ya upimaji ardhi), mbele ya majirani, akaandika PV, yaani taarifa rasmi, ambayo pande zote zinatia sahihi.

Ila kabla ya kumlipa mpima, unaweza kujua kama una kesi, kwa utepe wa mita 30 na watu wawili. Pima pande zote nne, halafu pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, mara mbili. Parsele ya 15 kwa 20 yenye kona za mraba ina mshazari wa mita 25 kamili, pande zote mbili. Mmoja ukiwa 25.6 na mwingine 24.4, mstari mmoja umelala. Vuta utepe ukaze, na uushike sawa na maji yaliyotulia, usiulaze juu ya mawe. Kwenye mteremko wa asilimia 30, mita 20 za kulaza chini ni mita 19.16 tu za ramani: sentimita 84 zinapotea bila mtu kuziiba. Mahali pa mteremko pima kwa vipande vifupi vya mita 4 au 5, ukishusha timazi kila kipande. Wengi waliodhani wameibiwa waligundua hapo kwamba walipima vibaya.

Nafundisha sekondari. Hatuna atlasi, hatuna globu, umeme haupo. Ramani moja iliyopo ukutani imechanika Katanga. Nifundishe latitudo na nini?
*Mwalimu, Sake*

Mwalimu, kwa fimbo na jua. Hatusemi hivyo kukufariji. Ni somo bora kuliko la atlasi, kwa sababu mwanafunzi anaipata latitudo yake kwa mkono wake.

Simika fimbo iliyonyooka inayoacha mita 1 kamili juu ya ardhi iliyosawazishwa. Hakikisha imesimama wima kwa uzi wenye jiwe. Kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu, weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha katikati ya mchana wa jua, na mstari wake unaonyesha kaskazini na kusini vya kweli. Usitegemee saa: katikati ya mchana huko kwenu inahama kati ya kama dakika 13 kabla ya saa sita na dakika 18 baada yake, kutegemea mwezi.

Fanya hivyo karibu na 21 Juni. Jua liko kaskazini, kivuli kinaelekea kusini, nacho kitakuwa karibu sentimita 47. Rudia karibu na 21 Desemba. Sasa jua liko kusini, kivuli kinaelekea kaskazini, karibu sentimita 40. Wanafunzi wachore pembetatu mbili kwa skeli kwenye daftari, fimbo sentimita 10, na wapime pembe ya juu kwa pimapembe. Ya Juni itakuwa karibu digrii 25, ya Desemba karibu 22. Toa moja kwa nyingine, gawa kwa mbili: latitudo ya kwenu, digrii moja na nusu na kidogo. Jumlisha zile mbili na ugawe kwa mbili: unapata karibu 23 na nusu, yaani mwinamo wa dunia. Na kwa sababu vivuli vinaelekea pande mbili tofauti, watoto wanaona bila kuambiwa kwamba wanaishi kati ya tropiki mbili.

Makosa yatakuwepo, na uyafundishe pia. Sentimita 1 ya kivuli ni karibu nusu digrii, na nusu digrii ardhini ni kilomita 55. Kivuli hakina ncha kali kwa kuwa jua lenyewe lina upana. Chukua katikati ya ukungu wake. Vikundi vitano vipime, kisha mchukue wastani. Desemba ina mawingu, lakini usikate tamaa: wiki moja kabla au baada haibadilishi hata robo ya digrii.

Kwa skeli, pimeni darasa lenu. Chumba cha mita 8 kwa skeli ya 1:50 ni sentimita 16 kwenye karatasi. Kwa kontua (mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa), viazi ulaya: kata kiazi nusu, kilaze, kikate tabaka za unene wa sentimita 1, kisha chora ukingo wa kila tabaka kuanzia lile la chini, moja ndani ya jingine. Mistari itakaribiana upande wenye mteremko mkali, na mwanafunzi hatahitaji kukariri kanuni hiyo tena. Viazi viende sufuriani baadaye.

Nataka kufanya kazi ya volkano. Nisome jiografia au jiolojia?
*Kijana wa Mugunga*

Inategemea unataka kuuliza nini. Ukitaka kujua magma inatoka wapi, gesi inasemaje, tetemeko lina maana gani, soma jiolojia, fizikia au kemia. Ukitaka kujua lava itapita barabara ipi, itamkuta nani na akimbilie wapi, hiyo ni jiografia. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kinahitaji wote.

Volkano ya Nyiragongo ina urefu wa mita 3,470, na lava yake ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi kama uji na inakwenda kasi. Tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021 ilitoka kupitia nyufa za ubavuni, si kwa kumwagika kutoka ukingo wa juu. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka hadi Munigi, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Ramani ya hatari inayochora duara kuzunguka kilele basi haitoshi; lava inafuata nyufa na mabonde. Mwaka 2021 setilaiti za radari, ambazo zinapenya mawingu na kupima mwendo wa ardhi kwa sentimita, zilisaidia kuonyesha magma ikisogea chini ya mji kuelekea ziwa.

Wewe wa Mugunga unaishi karibu na somo lingine. Mazuku, neno la Kiswahili cha kwetu, limeingia kwenye vitabu vya sayansi vya dunia kama lilivyo. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo inajaa mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Mbuzi na mtoto wanaanguka kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Kuchora mashimo hayo nyumba kwa nyumba kabla watu hawajajenga ndani yake ni kazi ya mwanajiografia anayejua mtaa, na bado kuna mitaa mingi ya kuchora.

Ninunue kompyuta gani, na data napata wapi bila pesa?
*Wasomaji watatu waliouliza jambo moja*

Kumbukumbu ya RAM gigabaiti 8, diski ya SSD, betri inayodumu saa nne, kwa sababu ya umeme wetu. Kompyuta ya mkono wa pili inatosha. QGIS ni ya bure na ina Kifaransa. Pakueni toleo linaloitwa la muda mrefu, si jipya kabisa. Droni isiwahangaishe: bila ruhusa inawatia matatani, na kwa kazi nyingi picha za setilaiti zinatosha.

Picha za Landsat zinaanza 1972, na zile za miongo ya karibuni zina chembe za picha (pikseli) za mita 30. Sentinel-2 ina mita 10 na inapita kila baada ya siku 5 hivi. Zote ni bure. Miinuko ya SRTM, iliyopimwa kutoka angani Februari 2000, nayo ni bure. Barabara na majengo mtayapata OpenStreetMap, na pale mtaa wenu ulipo mtupu, mnaweza kuujaza wenyewe.

Picha moja nzima ya Sentinel-2 inaweza kufika karibu gigabaiti 1, na hapo ndipo megabaiti zenu zinapoishia. Kateni kwanza eneo mnalolitaka ndani ya tovuti yenyewe na mchague bendi nne tu: bluu, kijani, nyekundu na infraredi ya karibu. Tafuteni tarehe za Juni hadi Agosti. Miezi mingine Goma inajificha chini ya mawingu. Hata hivyo kiangazi kina moshi wa mashamba yanayochomwa, kwa hiyo fungueni picha ndogo ya onyesho muikague kabla ya kupakua. Kama Nyiragongo inaonekana wazi na mji ni wa kijivu kilichofifia, huo ni moshi: chukueni tarehe inayofuata.